Mwangaza wa leza unapima parseli yako, lakini haujui ni ya nani

Katika mitaa ya Goma, Bukavu, Butembo ama Uvira, jeometa akifika kupima udongo, majirani wanatoka nje kutazama. Anasimamisha mashini yake juu ya miguu mitatu. Msaidizi anaenda kusimama kwenye kona ya parseli akiwa ameshika fimbo yenye kioo kidogo juu. Jeometa anachungulia, anabonyeza kitufe, na kabla hujahesabu hadi tano namba inatokea kwenye skrini: meta 24 na sentimeta 37, kwa mfano. Hakuna kamba iliyovutwa, hakuna hatua zilizohesabiwa. Namba hiyo ndiyo itakayoandikwa kwenye karatasi, na karatasi hiyo ndiyo watoto watakayoirithi.

Wengi wetu tunajua familia mbili ambazo hazisalimiani tena kwa sababu ya meta mbili za udongo. Tunajua pia watu waliouza ng'ombe ili kulipa avoka, wakitafuta kurudishiwa kipande cha shamba ambacho thamani yake haifikii bei ya ng'ombe huyo. Mbele ya tribinali, mara nyingi mmoja anasema: «Mashini ndiyo ilisema.» Basi ni vizuri kujua mashini hiyo inasema nini hasa, inajuaje umbali bila kugusa udongo, na ni mahali gani namba yake inaweza kupotosha watu.

Mbio ambazo saa haiwezi kufuata

Mashini inatuma mwangaza wa leza hadi kwenye kioo kile kidogo, mwangaza unarudi, na mashini inatafuta kujua safari hiyo imechukua muda gani. Mwangaza unakimbia meta 299,792,458 kwa sekunde moja pahali pasipo na hewa. Ukijua muda, unajua umbali. Kwa maneno ni rahisi, lakini angalia ukubwa wa kazi: kwenda na kurudi kwenye ukuta ulio meta 150 mbele yako, mwangaza unatumia sehemu moja tu ya milioni ya sekunde. Kama unataka kujua umbali bila kukosea zaidi ya sentimeta moja, lazima upime muda hadi sehemu moja ya bilioni 15 ya sekunde. Kwa miaka mingi hakuna saa iliyoweza kufanya hivyo.

Wajuzi walipata njia nyingine: waliupa mwangaza mapigo kama ya ngoma, kisha wakatazama mapigo hayo yanarudi yakiwa yamechelewa kiasi gani.

Wa kwanza kufanya hivyo duniani kati ya pahali pawili ni Mfaransa Hippolyte Fizeau, mwaka wa 1849. Aliweka taa yake Suresnes, karibu na Paris, na kioo kwenye kilima cha Montmartre, umbali wa meta 8,633. Mbele ya taa aliweka gurudumu lenye meno 720 lililokuwa likizunguka. Mwangaza ulipita katikati ya meno mawili, ukaenda Montmartre, ukarudi. Gurudumu lilipofikia mizunguko karibu 12 na nusu kwa sekunde, mwangaza uliokuwa ukirudi ulikuta jino limekwisha kufunga njia, na Fizeau akaona giza. Kwa hesabu hiyo alipata mwendo wa mwangaza karibu kilometa 313,000 kwa sekunde. Alizidisha kidogo, kama asilimia 4, lakini njia ilikuwa imefunguliwa. Fizeau alijua umbali akatafuta mwendo. Leo sisi tunajua mwendo, tunatafuta umbali. Kazi ni ileile, imegeuzwa tu.

Kutoka gurudumu hadi umeme

Gurudumu la meno haliwezi kukatakata mwangaza mara milioni kwa sekunde; lingevunjika kabla ya kufika huko. Ilihitajika kifaa kisicho na kitu kinachozunguka. Mwaka wa 1875, John Kerr wa Uskoti alionyesha kwamba ukipitisha nguvu kubwa ya umeme katika vitu fulani, kama kioo na maji ya aina fulani, namna mwangaza unavyopita ndani yake inabadilika. Mwaka wa 1893 Mjerumani Friedrich Pockels alieleza jambo linalofanana na hilo ndani ya mawe ya fuwele. Umeme ukipanda, mwangaza unapita. Umeme ukishuka, mwangaza unafungwa. Ni mlango usio na bawaba, unaoweza kufunguka na kufungwa mamilioni ya mara kwa sekunde. Mafundi wanaita kifaa kama hicho modulata.

Aliyechukua mlango huo na kuufanya chombo cha kupima udongo ni Erik Bergstrand, mpimaji wa Sweden. Katika miaka ya 1940 alitengeneza mashini iliyochezesha mwangaza wa taa karibu mara milioni 10 kwa sekunde kwa kutumia modulata ya Kerr. Aliituma kwanza kupima mwendo wenyewe wa mwangaza, akapata kilometa karibu 299,793 kwa sekunde, namba iliyokosea kwa chini ya kilometa moja. Kampuni ya AGA ya nchi yake ilianza kuuza mashini hiyo mwaka wa 1953 kwa jina la Geodimeter. Ilikuwa nzito sana, na kwa umbali mkubwa ilifanya kazi usiku tu, kwa sababu taa yake ilishindwa na jua. Hata hivyo iliwaondolea wapimaji taabu kubwa: mbele yake, kupata msingi mmoja wa ramani kulidai watu wengi kuvuta nyaya za chuma juu ya udongo kwa siku na siku, kipande baada ya kipande.

Tarehe 16 Mei 1960, Theodore Maiman wa Marekani aliwasha leza ya kwanza. Sasa mwangaza uliweza kwenda mbali ukiwa umenyooka kama uzi, hata mchana. Modulata na leza vilipokutana, mashini ya jeometa tunayoiona leo ilikuwa karibu kuzaliwa.

Kama wamama wanaotwanga sombe

Namna mashini inavyosoma mapigo si ngumu kuelewa kwa mtu aliyekulia karibu na kinu. Wamama wawili wakitwanga sombe katika kinu kimoja, mmoja anapiga, mwingine anafuata, tena mmoja, tena mwingine. Mmoja akichelewa kidogo, hata mtoto aliye nyuma ya nyumba anasikia. Mashini inafanya vivyo hivyo: inalinganisha mapigo ya mwangaza unaotoka na mapigo ya mwangaza unaorudi, na kuangalia yameachana kiasi gani.

Tuseme mwangaza unachezeshwa mara milioni 15 kwa sekunde. Kati ya pigo moja na lingine mwangaza unasafiri meta 20. Kwa kuwa unaenda na kurudi, kila pigo ni sawa na kipimo cha meta 10. Mashini ikiona kuchelewa, inasema: umbali unaishia kwenye meta 4 na sentimeta 37. Lakini ni 4.37, ama 14.37, ama 364.37? Mapigo hayo peke yake hayawezi kujibu. Kwa hiyo mashini inapiga tena polepole zaidi, mara 150,000 kwa sekunde, na hapo kila pigo linakuwa kipimo cha meta 1,000. Kipimo hicho kirefu kinasema: karibu meta 364. Ukiunganisha majibu mawili, unapata meta 364 na sentimeta 37. Mapigo ya polepole yanatoa mamia na makumi, ya haraka yanatoa sentimeta na milimeta. Yote hayo yanafanyika wakati jeometa bado ameweka kidole kwenye kitufe.

Katika mashini ndogo za siku hizi modulata haionekani tena, kwa sababu leza yenyewe ni kipande kidogo ambacho umeme wake unaweza kupandishwa na kushushwa moja kwa moja. Lakini katika vyombo vya kazi ngumu zaidi fuwele bado zinatumika, hasa ile inayoitwa lithiamu niobati.

FM ya redio, FM ya mwangaza

Kuna njia nyingine ambayo sasa inakua haraka, na jina lake liko tayari kwenye redio ya kila nyumba. Herufi FM zinamaanisha kwamba wimbi la redio linabeba sauti kwa kubadilisha frekwensi yake, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde, wakati nguvu yake inabaki ileile. Leza nayo inaweza kufanyiwa hivyo.

Fikiri pikipiki inayopanda mlima: dereva anaongeza moto, na sauti ya mota inapanda pole kwa pole kutoka nene hadi nyembamba. Leza ya FM inapandisha hivyo frekwensi ya mwangaza wake. Mwangaza unaotumiwa sana katika kazi hii unatetema karibu mara trilioni 193 kwa sekunde, kwa hiyo kuongeza megahezi 1,000 ni kitu kidogo sana ambacho hakuna jicho linaloweza kuona. Tuseme ongezeko hilo linafanyika ndani ya sehemu moja ya laki ya sekunde. Mwangaza uliogonga ukuta ulio meta 150 unarudi baada ya sehemu moja ya milioni ya sekunde. Wakati huo leza imekwisha kupanda megahezi 100 juu ya pale ilipokuwa mwangaza huo ulipoondoka. Mashini inachanganya mwangaza mpya na ule uliorudi, na tofauti ya megahezi 100 inasikika kama nyuzi mbili za gitaa ambazo hazijalingana vizuri. Tofauti ikiwa kubwa, umbali ni mkubwa. Ikiwa ndogo, umbali ni mdogo.

Faida yake ni mbili. Ya kwanza, mashini inatambua mwangaza wake yenyewe, kama vile mtu anavyotambua sauti ya mtoto wake sokoni, hivyo jua na leza za wengine haziisumbui sana. Ya pili, kama kitu kinachopimwa kinasogea, mwendo wake unaonekana palepale pamoja na umbali. Ndiyo sababu njia hii inatafutwa kwa magari yanayojiendesha na kwa vyombo vinavyotua kwenye sayari nyingine.

Swichi moja mbele ya mwezi

Mwezi wa Februari 2024, chombo Odysseus cha kampuni ya Marekani Intuitive Machines kilikaribia kutua mwezini. Kilikuwa na leza zake za kupima umbali hadi chini. Wakati kinauzunguka mwezi, mafundi waligundua kwamba leza hizo haziwezi kuwaka: swichi ya usalama haikufunguliwa kabla chombo hakijaondoka duniani. Hakuna mtu ambaye angeweza kwenda kuifungua.

Ndani ya chombo hichohicho kulikuwa na kifaa cha majaribio cha shirika la anga NASA, kinachotumia leza ya FM. Mafundi walikiongezea chombo mzunguko mmoja wa mwezi ili wapate saa mbili hivi za kuandika upya programu, ili kifaa cha NASA kishike kazi ya leza zilizolala. Baadaye ilijulikana kwamba katika haraka hiyo alama moja ndani ya programu ilisahaulika, na vipimo vya kifaa hicho havikutumika. Tarehe 22 Februari Odysseus ilitua kwa msaada wa kamera na vyombo vingine, ikaegemea upande. Chombo cha Marekani kilikuwa hakijatua polepole mwezini tangu Apollo 17 ya Desemba 1972.

Leza hazikuwa mbovu, mwangaza haukubadilisha mwendo wake. Kilichokosekana ni kidole cha mtu kwenye swichi, kisha alama moja kwenye programu. Mtu anayepimiwa parseli Himbi ama Kadutu anaweza kuweka hilo moyoni.

Asubuhi ya Mount St. Helens

Kwa wakaaji wa Goma kuna habari nyingine iliyo karibu zaidi na maisha yao. Mwaka wa 1980, mlima wa moto Mount St. Helens, katika jimbo la Washington nchini Marekani, ulianza kuvimba upande wa kaskazini. Wajuzi waliweka vioo kwenye mteremko na kuupima kwa leza kila siku. Walikuta ubavu wa mlima unasukumwa nje karibu meta moja na nusu kwa siku. Vipimo hivyo vilisaidia viongozi kufunga eneo na kuwazuia watu kurudi.

Asubuhi ya Jumapili tarehe 18 Mei, David Johnston, mjuzi wa volkeno mwenye miaka 30, alikuwa zamu kwenye kituo kilicho karibu kilometa 10 na mlima. Saa moja asubuhi alituma kwa redio vipimo vya leza alivyotoka kuchukua. Havikuonyesha mabadiliko yoyote kuliko siku zilizotangulia. Saa mbili na dakika 32 ubavu wote wa kaskazini ulianguka na mlima ukapasuka upande huo. Watu 57 walikufa, Johnston akiwa mmoja wao.

Vipimo vyake vilikuwa sahihi. Vilisema mlima umevimba kiasi gani. Siku na saa ya kupasuka havikuweza kuisema. Goma inalijua jambo hili. Nyiragongo ulipasuka mwaka wa 1977, ukapasuka tena tarehe 17 Januari 2002 na kuunguza sehemu kubwa ya katikati ya mji, kisha jioni ya tarehe 22 Mei 2021 ukamwaga moto wake bila wakaaji kupewa tangazo mapema. Leo mlima unafuatwa kwa vyombo vya kusikiliza tetemeko, kwa GPS na kwa setilaiti. Kila kipimo kinasaidia, ila uamuzi wa kuhama ni wa watu, na lazima ufanyike kabla hakika yote haijapatikana.

Mahali ambapo namba inapotea

Turudi kwenye parseli. Mashini nzuri, kwenye umbali wa meta 30, inakosea milimeta chache tu. Basi makosa makubwa yanatoka wapi?

Hewa ni ya kwanza kutajwa, lakini kwa parseli ndogo si ya kuogopwa. Hewa inachelewesha mwangaza kidogo, na Goma, kwenye mwinuko wa meta 1,500 hivi, ina hewa nyepesi kuliko pwani. Jeometa akiacha mashini kwenye namba za usawa wa bahari, atakosea sentimeta 4 hadi 5 kwa kila kilometa. Kwenye parseli ya meta 30, hilo ni kama milimeta moja na nusu. Kwenye shamba kubwa la kilometa kadhaa, hesabu inabadilika.

Kioo cha fimbo kinafuata. Vioo havifanani, na kila aina ina namba yake ambayo lazima iingizwe kwenye mashini. Kioo cha aina moja kikitumiwa na namba ya aina nyingine, kila kipimo kinaweza kupungua ama kuzidi sentimeta 3 hivi. Fimbo iliyoinama inaongeza makosa mengine.

Lakini kosa linalozaa vita kati ya majirani halina uhusiano na mwangaza. Ni pahali fimbo iliposimama. Kama jiwe la mpaka lilihamishwa usiku, kama mti wa mpaka ulikatwa miaka kumi iliyopita, kama jirani hakuitwa siku ya kupima, mashini itapima kwa usahihi mkubwa kabisa mpaka usio wa kweli. Milimeta zake zitaupa uongo sura ya ukweli.

Na sheria haingoji. Kadiri ya sheria ya tarehe 20 Julai 1973, udongo wa Congo ni mali ya Leta, na mtu anapata juu yake haki ya kuutumia, inayothibitishwa na cheti kile tunachokiita certificat d'enregistrement. Miaka 2 ikipita tangu cheti kuandikwa, kimsingi haki iliyoandikwa humo haiwezi kushambuliwa tena. Namba mbaya iliyonyamaziwa kwa miaka hiyo inageuka kuwa ukuta.

Kwa hiyo siku ya kupima, usiishie kutazama mashini. Waite majirani wa pande zote, na wazee wanaokumbuka mpaka, mbele jeometa hajafika. Kubalianeni kwanza mawe yako wapi, kwa macho ya wote. Muulize jeometa ameanzia kwenye jiwe gani, na kwa nini hilo. Mwombe apime tena upande mmoja akiwa amesimama upande wa pili. Namba mbili zikitofautiana kwa zaidi ya sentimeta chache, kuna kitu cha kutafuta. Vuta kamba ya kawaida kwenye upande mfupi ulinganishe. Soma namba kwenye karatasi ya kupimia kabla hujaweka sahihi, na utunze kopi yake nyumbani.

Tangu mwaka wa 1983 dunia yote imekubaliana kwamba meta moja ni umbali ambao mwangaza unasafiri katika sehemu moja ya 299,792,458 ya sekunde. Kwa hiyo meta ya Bukavu ni meta ya Paris, na hakuna tajiri anayeweza kuirefusha. Lakini mahali pa kuanza kuhesabu hapakuandikwa kwenye mwangaza. Hapo panaamuliwa na majirani waliosimama kwenye kona ya parseli.